Bwawa Linapougua Mto Hulipa: Kutafuta Hitilafu za Mabwawa ya Majitaka Nyanda za Juu Kusini

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wahudumu wa mabwawa ya kusafishia majitaka katika miji midogo, vyuo, hospitali na shule za bweni za Nyanda za Juu Kusini, pamoja na wajumbe wa jumuiya za watumia maji ambao mto wao hupokea kinachotoka kwenye mabwawa hayo. Mabwawa ya aina hii kwa kawaida hayana mota wala kengele ya hatari; kazi hufanywa na bakteria, mwani, jua na muda, na kwa sababu hiyo hitilafu huingia kimyakimya. Harufu inapowafikia majirani, tatizo mara nyingi lina wiki kadhaa tangu lilipoanza, na pengine lilianzia mahali ambapo hakuna aliyekuwa anaangalia.

Mpangilio wa kawaida ni mabwawa ya aina tatu yanayofuatana. Bwawa la kwanza ni lenye kina kirefu, kati ya mita 2 na 5, ambamo uchafu mzito hutuama na kuoza bila hewa. Bwawa la kati lina kina cha mita 1 hadi 2, nalo huwa na tabaka mbili: juu kuna mwani unaotoa oksijeni mchana, na chini kuna tope lisilo na hewa. Mabwawa ya mwisho, yenye kina cha mita moja au zaidi kidogo, huwa na kazi kubwa ya kuua vimelea kwa mwanga wa jua na kwa maji kuwa na hali ya alkali, yaani pH (kipimo cha utindikali au ualkali wa maji) ya juu, wakati wa mchana. Baada ya hapo maji hutoka kwenda kijitoni.

Kinachosafisha maji hayo, kuliko kitu kingine chochote, ni siku yanazokaa ndani. Kwa hiyo kila dalili iliyoelezwa hapa chini inapaswa kuulizwa swali moja kabla ya mengine: muda wa maji kukaa umepunguzwa wapi, na nani au nini kimeupunguza? Hesabu yake ni nyepesi. Bwawa lenye ujazo wa mita za ujazo 4,500 likipokea mita za ujazo 300 kwa siku, maji hukaa siku 15. Tope likijaza theluthi moja ya bwawa hilo, na mji ukakua mpaka yakaingia mita za ujazo 450 kwa siku, zinabaki siku zisizofika 7. Hakuna aliyebomoa kitu, ukuta ni ule ule na maji bado yanaonekana yametulia, lakini zaidi ya nusu ya mtambo imekwisha kupotea.

Vipimo vitatu kabla ya kunyoosha kidole

Kipimo cha kwanza ni kiasi kinachoingia. Kama mfereji wa kuingilia una kizuizi chenye mkato wa pembe, soma kimo cha maji hapo kila baada ya saa moja kwa mchana na usiku mmoja. Kama hakuna, mtambo mdogo unaweza kupimwa kwa ndoo kubwa na saa ya mkononi mahali bomba linapomwaga. Usiridhike na kipimo kimoja cha saa nne asubuhi, kwa sababu wakati huo watu wamekwisha kuoga na kufua, na takwimu utakayopata haiwakilishi siku nzima.

Kipimo cha pili ni kimo cha tope. Chukua mti mrefu ulionyooka, uuzungushie kitambaa cheupe cha taulo kwenye sehemu ya chini, kisha uushushe wima, polepole, ukiwa ndani ya mtumbwi katikati ya bwawa, mpaka uguse sakafu. Subiri kiasi cha dakika moja, halafu uupandishe polepole vilevile. Chembe za tope hunasa kwenye nyuzi za taulo, na mstari kati ya sehemu nyeusi na sehemu iliyolowa tu huonekana bila shida. Pima urefu wa sehemu nyeusi kwa futi kamba, uandike, kisha urudie katika sehemu nyingine za bwawa, kwa kuwa tope hulundikana zaidi karibu na mlango wa kuingilia. Kazi hii hufanywa na watu wawili waliovaa majaketi ya kuokolea, na mtu wa tatu akiwa ukingoni na kamba mkononi. Mabwawa ya kwanza yana kina kinachozidi kimo cha mtu, na kingo zake huteleza.

Kipimo cha tatu ni joto la maji, na hapa ndipo Nyanda za Juu Kusini zinapotofautiana na pwani. Mahesabu ya kawaida ya usanifu huruhusu bwawa la kati kupokea kilo 350 hivi za BOD kwa hekta kwa siku maji yakiwa na nyuzi 25, BOD ikiwa ni kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu huhitaji ili kuozesha uchafu uliomo. Kwa nyuzi 20 kiwango hicho hushuka hadi karibu kilo 250, na kwa nyuzi 15 hufika karibu kilo 167 tu. Bwawa la kwanza nalo huondoa takribani asilimia 60 ya BOD kwa nyuzi 20, lakini asilimia 50 kwa nyuzi 15. Mtu aliyechukua ramani ya mabwawa ya Dar es Salaam akaijenga Njombe au Mafinga bila kuongeza eneo amejenga mtambo utakaofanya kazi vizuri mwezi Novemba na kuelemewa mwezi Julai. Kwa hiyo mhudumu anayelaumiwa kila kipupwe aombe kwanza aonyeshwe joto lililotumika kwenye usanifu.

Harufu ya mayai viza

Bwawa la kwanza haliwezi kukosa harufu kabisa. Harufu hafifu inayosikika ukiwa umesimama kwenye tuta ni ya kawaida. Ile inayowafikia majirani ni dalili. Gesi yenyewe ni salfaidi ya hidrojeni, na hutoka kwa wingi pale maji yanapokuwa na hali ya tindikali. Pima pH kwanza. Ikiwa iko chini ya 7, bakteria wanaomalizia kazi ya kuozesha wamezidiwa na wale wanaoianza, na tindikali inalundikana. Chokaa iliyokorogwa kwenye maji na kumwagwa taratibu mlangoni, mpaka pH ifike kati ya 7 na 7.5 au juu kidogo, hupunguza harufu kwa siku chache, lakini hiyo ni tiba ya kutuliza maumivu, na mzigo wenyewe lazima utafutwe.

Mzigo huo mara nyingi huja kwa magurudumu. Gari la kunyonya majitaka lenye tanki la mita za ujazo 5, likiwa limebeba tope la choo lenye BOD ya miligramu 5,000 kwa lita, humwaga kilo 25 za BOD kwa mkupuo mmoja. Mtu mmoja huzalisha gramu 45 hivi kwa siku, kwa hiyo gari hilo moja ni sawa na uchafu wa siku nzima wa watu zaidi ya 500. Katika mji mkubwa mzigo huo humezwa. Katika mtambo uliojengwa kwa ajili ya watu 2,000, magari mawili ya jioni moja yanatosha kuuvuruga. Dereva anayefika saa kumi na mbili jioni na kusema, “Shikamoo mzee, naomba nimwage hili moja tu, mteja ni wa nyumbani,” anastahili salamu yake iitikiwe, kisha achukuliwe sampuli kabla ya kufungua koki. Tope la choo cha nyumbani ni jeusi na hunuka kuoza. Kioevu chekundu au cha hudhurungi chenye povu kimetoka machinjioni. Kile kinachonuka uchachu huenda kimetoka kwa wapika pombe ya komoni au kwenye kiwanda kidogo cha maziwa, na karatasi ya kupimia pH itaonyesha tindikali papo hapo. Magari yapangiwe saa, idadi kwa siku na, ikiwezekana, shimo lao la pekee la kutuamishia tope kabla maji yake hayajaingia bwawani.

Sababu nyingine zinazopaswa kuchunguzwa ni tope kufika theluthi moja ya kina, ambapo uondoaji hauwezi kuahirishwa tena, na mawimbi ya msimu. Katika maeneo ya kahawa kama Mbozi na Rungwe, maji ya kuoshea buni yana sukari na utomvu mwingi, na mtandao unaoyapokea hubadilika ghafla wakati wa mavuno. Katika mikoa ya Iringa na Njombe, wiki za ulanzi mwingi (pombe ya mianzi) zinaweza kuonekana kwenye daftari la pH kama kuna vilabu vilivyounganishwa na bomba la majitaka.

Kosa moja ambalo wahudumu wapya hulifanya ni kuvunja gamba linaloelea juu ya bwawa la kwanza. Gamba hilo linapendeza kwa nadra, lakini huzuia harufu isitoke na hutunza joto, jambo lenye thamani kubwa katika usiku wa Juni. Likizalisha nzi, lirushiwe maji ya bwawa la mwisho kwa bomba ili lilowe, na si kukwanguliwa. Kwenye bwawa la kati hali ni kinyume: huko gamba huziba mwanga, nalo lazima liondolewe kila siku.

Bwawa la kati limebadilika rangi

Kijani kilichokolea ni rangi ya afya. Ikigeuka kijivu au nyeusi, mwani umekufa na bwawa limekosa oksijeni. Ikigeuka zambarau au ya waridi, bakteria wanaokula salfaidi wameshika nafasi ya mwani. Watu wengi hushtushwa na rangi hiyo na kudhani kwamba kuna rangi ya viwandani iliyomwagwa. Kwa kweli bakteria hao wanapunguza harufu, na wanachosema ni kwamba bwawa limeelemewa kwa muda sasa.

Chunguza mambo manne kwa mpangilio huu. Kwanza, je, bwawa la kwanza limejaa tope na linapitisha uchafu wake mbele? Ukipata maji meusi yenye mabonge kwenye mlango wa kutokea wa bwawa la kwanza, usihangaike na bwawa la pili. Pili, je, uso wa maji umefunikwa na magugu? Magugu madogo yanayoelea huziba mwanga, na mwani hufa gizani. Tatu, je, hali ya hewa imekuwa ya ukungu na baridi kwa wiki mbili au zaidi? Huko Tukuyu na kwenye miinuko ya Mufindi jambo hili ni la kila mwaka, na bwawa hupona lenyewe jua linapotoka, ilimradi mzigo upunguzwe wakati huo. Nne, je, kuna sumu? Dawa ya kuogeshea mifugo, tindikali ya betri kutoka gereji, au dawa kali za kusafishia zinazomwagwa kwa wingi na hospitali huua mwani ndani ya siku moja au mbili, na mabadiliko huwa ya ghafla badala ya kuja polepole. Tofauti hiyo ya kasi ndiyo inayosaidia zaidi kutambua chanzo, na ndiyo maana mhudumu anapaswa kuandika rangi ya kila bwawa kila asubuhi hata pale ambapo neno ni lile lile la jana.

Oksijeni ipimwe kwa saa zilezile. Bwawa lenye afya huwa na oksijeni nyingi kuanzia saa nane hadi saa kumi alasiri, na kidogo sana kabla ya alfajiri. Anayepima saa tisa alasiri siku moja na saa moja asubuhi siku nyingine atapata takwimu mbili zisizoweza kulinganishwa, na atatoa dawa kwa ugonjwa usiokuwapo.

Tiba ya haraka ya bwawa lililoelemewa ni kurudisha sehemu ya maji ya bwawa la mwisho, yenye mwani hai na oksijeni, kwenye mlango wa bwawa la kati kwa pampu ya kukodi. Kama kuna mistari miwili ya mabwawa, mzigo ugawanywe sawasawa. Mara nyingi utakuta mlango mmoja umeziba matambara, na mstari mmoja unabeba mji mzima huku mwingine ukipumzika.

Maji yanayotoka ni ya kijani kama supu ya mchicha

Kibali cha kutiririsha majitaka hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na viwango vya kitaifa vinataka maji yanayotoka yasizidi miligramu 30 za BOD kwa lita na miligramu 100 za chembe zinazoelea kwa lita, na pH iwe kati ya 6.5 na 8.5. Mwani ni chembe, na mwani huongeza BOD. Kwa hiyo bwawa linalofanya kazi vizuri linaweza kushindwa mtihani wa maabara kwa sababu ya afya yake lenyewe, na pH ya alasiri inaweza kuvuka 9.

Kabla ya kukata tamaa, angalia mahali maji yanapochotwa. Mlango wa kutokea wa bwawa la kati unapaswa kuvuta maji kutoka sentimita 60 hivi chini ya uso, chini ya tabaka la mwani. Wa bwawa la kwanza huvuta sentimita 30 chini, ili gamba lisipite, na wa mabwawa ya mwisho sentimita 5 tu. Bomba la kuzuia gamba likivunjika, maji huanza kutoka kwa juu, na mwani wote husafiri nayo. Hitilafu hii hutengenezwa kwa kipande cha bomba la plastiki na saa moja ya kazi, nami ninaitaja kwa sauti kwa sababu hupuuzwa kuliko nyingine zote. Kama bomba liko sawa, omba maabara ipime BOD ya sampuli iliyochujwa pamoja na ile isiyochujwa. Tofauti ikiwa kubwa, uchafu uliobaki ni mwani. Tofauti ikiwa ndogo, ni majitaka yenyewe yaliyopita bila kusafishwa. Mwani unaweza kupunguzwa kwa kupitisha maji ya mwisho kwenye kitanda cha mawe au cha matete. Usichukuliwe kuwa hauna madhara, kwa kuwa ndani ya kijito kidogo hupumua usiku na kumaliza oksijeni ambayo samaki wanaihitaji alfajiri.

Maji ni safi kwa macho, lakini bakteria ni wengi

Hapa tuhuma ya kwanza ni njia ya mkato. Maji yanaingia upande mmoja na kutoka upande wa pili bila kuzunguka bwawa, na pembe zilizobaki zimelala bure. Jaribio lake halihitaji maabara: tupa machungwa kadhaa kwenye mlango wa kuingilia mapema asubuhi. Chungwa huelea likiwa karibu lote ndani ya maji, hivyo husukumwa na mkondo zaidi kuliko na upepo, tofauti na chupa tupu ya plastiki. Bwawa lililokusudiwa kushikilia maji kwa siku tano halipaswi kupokea machungwa hayo kwenye mlango wa kutokea kabla ya chakula cha mchana. Angalia pia upepo wa kiangazi unaovuma kutoka kusini mashariki, ambao huko Iringa na Makambako una nguvu. Mlango wa kutokea ukiwa upande ambao upepo unaelekea, maji ya juu husukumwa moja kwa moja kwenda huko. Vizuizi vya turubai nzito vilivyofungwa kwenye nguzo, vikiyalazimisha maji kupinda mara mbili au tatu, hurudisha muda uliopotea kwa gharama ndogo.

Mayai ya minyoo ni habari nyingine. Hayauawi na jua wala pH, bali hutuama kwa uzito wake, na ndiyo maana yakionekana kwenye maji ya mwisho unajua bila shaka kwamba muda ni mfupi au tope linatibuliwa na kunyanyuka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1989 uliweka kikomo cha bakteria 1,000 wa kinyesi kwa mililita 100, na yai lisilozidi moja kwa lita, kwa maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi. Mabonde mengi ya mkoa wa Mbeya na Iringa yana bustani za chainizi, kabichi na vitunguu mita chache chini ya mabwawa, na wenye bustani hawangoji ripoti ya maabara.

Mvua ikinyesha, mtambo hufurika

Msimu wa mvua huku ni mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na ni mrefu. Majitaka yakiongezeka maradufu siku ya mvua, kuna maji ya mvua yanayoingia kwenye bomba. Chunguza chemba kwa miguu, moja baada ya nyingine: mifuniko ya chuma huibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu, na chemba iliyo wazi katikati ya mtaro hunywa barabara nzima. Mifuniko ya zege haina soko. Kisha tafuta mifereji ya mapaa iliyounganishwa na bomba la choo, jambo ambalo fundi wa nyumba huliona kuwa la busara na mwenye nyumba halijui.

Kama ongezeko halishuki hata siku tatu baada ya mvua, pima mtiririko kati ya saa nane na saa kumi usiku, ambapo watu wamelala. Maji mengi na maangavu saa hizo yanatoka ardhini na kupenya kwenye viungo vilivyopasuka, hasa pale bomba linapopita kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni. Ukarabati wa hapo ni wa kiangazi. Katika kipindi chote hicho njia ya kukwepesha maji kwenda mtoni isifunguliwe kama mazoea. Kila inapofunguliwa, saa na sababu ziandikwe.

Kina cha maji kinashuka

Weka ndoo iliyojaa maji kwenye kina kifupi, ikitulizwa kwa jiwe, na uweke alama ndani yake na kwenye nguzo ya bwawa. Baada ya siku kadhaa bila mvua, ukiwa umefunga maji ya kuingia na ya kutoka kwa bwawa hilo, linganisha. Vyote vikishuka sawa, ni jua na upepo. Bwawa likishuka zaidi, linavuja. Tazama mashimo ya fuko kwenye tuta, mizizi ya miti iliyoachwa ikue ukingoni, na nyufa za udongo wa mfinyanzi uliokauka wakati bwawa lilipokuwa tupu. Uvujaji si hasara ya maji tu. Majitaka yanayopotea ardhini huelekea kwenye chemchemi na visima vya chini ya mteremko bila kusafishwa na bila kupita mahali pa kuchukulia sampuli.

Mbu, kwa upande wao, huzaliana penye nyasi zinazogusa maji na si katikati ya bwawa. Fyeka, na weka vibao vya zege kwenye mstari wa maji, yatosha.

Mto wenyewe unaonyesha nini

Sampuli zichukuliwe asubuhi moja mahali patatu, yaani juu ya mlango wa kutokea, mlangoni penyewe, na chini yake baada ya maji kuchanganyika. Anza na ya chini kabisa ukipanda juu, ili matope unayoyatibua kwa miguu yasiingie kwenye chupa inayofuata. Sampuli ya juu ndiyo inayomlinda mhudumu, kwa sababu mto unaweza kuwa umechafuliwa na mabanda ya nguruwe, uoshaji wa magari au machinjio kabla haujafika kwenye mabwawa.

Kisha geuza mawe. Utando wa kijivu unaoteleza, ulioshika jiwe kama sufi na kuelekea mkondo unakokwenda, ni dalili ya majitaka mabichi, na ukionekana chini ya mlango lakini si juu yake hakuna ubishi tena. Minyoo myekundu kwenye matope inaonyesha oksijeni haba. Vijidudu bapa vyenye mikia mitatu, vinavyojificha chini ya mawe ya vijito safi, vikiwa juu ya mlango na kutoweka chini yake, vinathibitisha hivyo hivyo.

Msimu hubadilisha uzito wa kosa. Maji ya mtambo yanayotoka kwa lita 5 kwa sekunde yakiingia kwenye kijito cha lita 200 mwezi Machi yanachanganywa mara 40. Kijito hicho kikishuka hadi lita 20 mwezi Oktoba, ni mara 4 tu. Ruaha Mdogo unaopita Iringa hujiunga na Ruaha Mkuu kabla ya Bwawa la Mtera, na Ruaha Mkuu wenyewe, tangu miaka ya 1990, hukauka katika baadhi ya sehemu zake ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wakati wa kiangazi. Kwa upande wa Mbeya, Mto Songwe unaoelekea kaskazini huishia Ziwa Rukwa, ambalo halina mto wa kutokea, kwa hiyo kinachofika huko hakina mahali pengine pa kwenda. Huu si ule Songwe wa mpakani mwa Malawi, ambao huingia Ziwa Nyasa. Kulingana na mahali ulipo, taarifa hupelekwa kwenye ofisi ya Bonde la Rufiji iliyoko Iringa, ya Ziwa Rukwa iliyoko Mbeya, au ya Ziwa Nyasa iliyoko Tukuyu.

Majibu yakionyesha kwamba maji ya mwisho hayafai, yazuie ndani ya bwawa la mwisho kwa kuongeza mbao kwenye mlango, ukiacha angalau nusu mita kati ya uso wa maji na kilele cha tuta. Siku hiyo hiyo, kupitia mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, waambie wenye bustani walioko chini waache kumwagilia mboga za majani kwa maji ya kijito, na wale wenye mahindi au miti wamwagilie kwa mfereji ardhini badala ya kunyunyizia juu ya majani. Tope litakaloondolewa kiangazi likaushwe kwenye vitanda, kisha lifukiwe kwenye mitaro ya shamba la misindano au mikaratusi, kwa sababu mayai ya minyoo huishi kwenye tope kavu kwa mwaka na zaidi, na baridi ya huku huyaongezea umri. Katazo la bustani liondolewe pale tu sampuli mbili zinazofuatana zitakapokuwa zimerudi ndani ya viwango, na tarehe zake ziandikwe kwenye daftari lile lile linaloandikwa rangi ya bwawa kila asubuhi.